Somo la Afya: Sauti Inapobadilika, Tuangalie Pia Shingo na Damu

Sisi ni wachache wa kwaya na wa kamati ya afya tunaokaa mjini Jinja, wengine Walukuba, wengine Masese, na wawili wetu hupanda gari kutoka Mbale kila tunapokutana kwa mazoezi makubwa. Tuliombwa kuandaa somo la afya kwa ajili ya wanakwaya. Tulifikiri kuandika juu ya kunywa maji na kutokupiga kelele kabla ya ibada, mambo ambayo mmeyasikia mara nyingi. Lakini kuna jambo lililotokea kati yetu ambalo lilitufundisha zaidi, na ambalo mpaka leo linatuaibisha kidogo. Tumeona afadhali tulieleze.

Yaliyompata mama yetu

Katika kwaya yetu yuko mama mmoja, asili yake Kivu ya Kusini, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Jina lake tunaliacha, ingawa yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia. Alikuwa anaimba soprano, na sauti yake ilipanda bila kujikaza. Alipojifungua mtoto wake wa nne, sauti ile ilianza kushuka. Mwanzoni tulisema ni mafua. Miezi ikapita. Akawa hafikii tena noti za juu, kisha sauti ikawa nzito na ya kukwaruza, na maneno yakawa yanatoka polepole kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Akanenepa. Asubuhi uso ulikuwa umevimba kidogo, na mchana wa jua kali yeye alivaa sweta. Mazoezini alisinzia.

Basi watu wakaanza kusema. Wengine walisema anakunywa waragi kwa siri, maana ulimi umekuwa mzito. Wengine walisema amelogwa na mwenzake aliyetaka nafasi yake. Wengine walisema kuna dhambi anayoificha, na Mungu amemnyang'anya kipawa. Na sisi viongozi wa kwaya tulifanya nini? Tulimwondoa mbele tukamweka mstari wa nyuma, bila hata mmoja wetu kumwuliza, "Mama, unajisikiaje mwilini?" Baada ya majuma machache akaacha kuja.

Mnaijua habari ya Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Midomo yake ilikuwa inacheza na sauti yake haikusikika, na kuhani Eli, mtu wa Mungu kabisa, akadhani amelewa. Tumeisoma habari hiyo mara nyingi sana hapa. Haikutusaidia wakati ule tulipomhitaji Eli wa kutuonya.

Zahanati ya kwanza alikokwenda ilimpa dawa za kuua vijidudu, na aliporudi ikampa nyingine. Hazikubadilisha kitu. Aliyemsaidia alikuwa muuguzi wa kituo kingine, siku alipompeleka mtoto kupata chanjo. Yule muuguzi alimsikia akisalimia tu, akamtazama uso, akamwuliza: Je, unasikia baridi wakati wenzako wanasikia joto? Choo kinakuja kwa shida? Nywele zinakatika? Damu ya mwezi imekuwa nyingi kuliko zamani? Majibu yote yalikuwa ndiyo. Akaandikiwa kipimo cha damu, na jibu lilipotoka likaonyesha kwamba tezi ya thiroidi ilikuwa karibu kulala kabisa.

Sauti inatengenezwaje

Ili tuelewe jambo hili, hebu kila mmoja aweke vidole kwenye koo lake na kusema "mmm". Pale panapotetemeka ndipo penye kikoromeo. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti, ambazo si nyuzi kama za gitaa hasa, bali ni mikunjo miwili ya nyama laini iliyofunikwa na ngozi nyembamba yenye unyevu. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni inaitikisa. Mwanamke anapoongea kawaida, mikunjo hiyo hugongana kama mara 200 kwa sekunde moja. Ya mwanamume hugongana kama mara 100 na kidogo. Noti ya juu ni kuinyosha mikunjo iwe myembamba na ya haraka. Noti ya chini ni kuilegeza iwe minene na ya polepole.

Kwa hiyo chochote kinachoifanya mikunjo hiyo ivimbe, inenepe, ikauke au ishindwe kunyoshwa kitabadilisha sauti. Kuvimba kidogo kabisa, ambako kwenye mguu usingekuona, kwenye nyuzi za sauti kunatosha kumtoa mtu kutoka soprano kwenda alto.

Homoni ni ujumbe ambao tezi za mwili hutuma kwa njia ya damu. Haziendi mahali pamoja tu. Ujumbe uliokusudiwa tumbo la uzazi unapita pia kooni, na nyuzi za sauti nazo zinausikia. Ndiyo maana sauti ya mtu haikai ile ile tangu kuzaliwa hadi kuzeeka.

Mfano ulio wazi kwa kila mzazi ni mvulana anayebaleghe. Homoni ya kiume inakuza kikoromeo chake na kurefusha nyuzi za sauti, na sauti inashuka karibu oktava nzima. Hilo halitokei kwa siku moja. Kwa miezi mingi sauti inarukaruka, leo ya mtoto, kesho ya baba, na pengine zote mbili katika neno moja. Tunawaomba walimu wa kwaya za watoto msiwachape wala kuwacheka vijana hawa, na msiwalazimishe kubaki juu. Wapeni sehemu fupi ya noti za katikati, wapumzike wanapochoka. Sauti ya msichana nayo inashuka, ila ni kidogo tu.

Watu wa zamani huko Italia waliona uhusiano huu kabla neno homoni halijakuwapo, wakautumia kwa ukatili: waliwahasi wavulana wenye sauti nzuri ili zisivunjike, nao wakaimba soprano makanisani wakiwa watu wazima. Mmoja wao, Alessandro Moreschi wa kwaya ya kanisa la Sistina huko Roma, alirekodiwa kwenye santuri mwaka 1902 na 1904, akafa mwaka 1922. Sauti yake bado inasikika. Kanisa lilinyamaza juu ya jambo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyopaswa.

Kwa akina mama

Siku chache kabla ya hedhi, wanawake wengine hupata uvimbe mdogo kwenye nyuzi za sauti, na mishipa midogo ya damu pale huwa rahisi kupasuka. Sauti inakuwa nzito kidogo na inachoka mapema. Si wote, na wengi hawaoni tofauti. Zamani baadhi ya nyumba za opera za Ulaya ziliwapa waimbaji wa kike siku za kupumzika kwa sababu hiyo. Sisi hatuna mikataba, lakini dada akisema "leo siwezi kupanda juu", tumwamini. Na kama ana maumivu siku hizo na bado anataka kuimba kwa nguvu, panadol ni afadhali kuliko aspirini, kwa sababu aspirini huifanya damu itoke kirahisi.

Wakati wa mimba mwili unashika maji, tumbo linasukuma pumzi juu, na kiungulia kinaunguza koo usiku. Sauti ikibadilika wakati huo, mara nyingi hurudi baada ya kujifungua. Mama anapokoma hedhi, homoni za kike zinapungua na sauti inashuka, pengine inakauka. Hiyo si aibu. Wengi wetu tumesikia kanda za Bi Kidude wa Zanzibar, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa mzee sana, na ambaye mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kwa sauti nzito ya kikongwe. (Alivuta sigara pia, kwa hiyo tusiweke yote kwenye umri, na wala msichukue sigara kama dawa ya sauti.) Mama wa soprano anayeshuka kuwa alto kwa sababu ya miaka hajapoteza kipawa. Amehama chumba tu katika nyumba ile ile.

Neno moja la onyo: dawa au sindano zenye homoni za kiume, kama zile zinazouzwa kwenye majumba ya mazoezi za kuongeza misuli, zinaweza kumshusha mwanamke sauti, na mara nyingi hairudi tena hata akiziacha. Mwanamke akiandikiwa dawa ya namna hiyo kwa ugonjwa, amwambie daktari kwamba yeye ni mwimbaji.

Tezi ya thiroidi

Sasa turudi kwa mama yetu. Tezi ya thiroidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyetandaza mabawa juu ya bomba la hewa. Kazi yake ni kuuambia mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Ikilegea, kila kitu kinapunguza mwendo: moyo, tumbo, mawazo, joto la mwili. Chini ya ngozi hukusanyika kitu kama ute mzito unaoshika maji. Ndio unaovimbisha uso, na ndio unaoingia kwenye nyuzi za sauti na kuzifanya nene. Hapo sauti inakuwa nzito, ya kukwaruza, polepole, inayochoka baada ya wimbo mmoja. Ulimi nao unanenepa. Mtu anasikika kama mlevi, na hajaonja kitu.

Tezi ikizidisha kazi, mambo ni kinyume. Mtu anakonda huku anakula, moyo unadunda, mikono inatetemeka, anatoka jasho, pengine macho yanatokeza. Sauti nayo hutetemeka, na pumzi haitoshi kumaliza mstari wa wimbo. Anayetibiwa hali hii kwa vidonge vya karbimazoli ajue jambo moja: akipata homa pamoja na koo kuuma asiseme ni mafua ya kwaya. Aache kidonge na aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu, kwa kuwa dawa hiyo mara chache inaweza kuangusha askari wa damu.

Kwa nini tezi inalegea? Sababu ziko nyingi, lakini tutataja tatu. Ya kwanza, mwili wenyewe unaishambulia tezi kimakosa. Daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza ugonjwa huo mwaka 1912 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Ya pili, ndugu ya hiyo, inawapata baadhi ya wanawake ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Kwa wengine tezi inapona yenyewe, kwa wengine haiponi, na mama yetu ni mmoja wa hao. Tunataka wakunga na akina mama wa kambini mlishike hili, maana mama aliyechoka baada ya kuzaa huambiwa kila mara, "Ni kunyonyesha tu." Ya tatu ni ukosefu wa iodini, ambayo wengine wanaiita madini joto. Hapa tuna habari ya kwetu wenyewe.

Idjwi, mihogo na chumvi

Ninyi mliotoka pande za Ziwa Kivu mnakijua kisiwa cha Idjwi, na wazee wenu waliokuwa na rovu mnawakumbuka. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Ubelgiji, kati yao François Delange na André-Marie Ermans, walikwenda kule kuchunguza. Walikuta jambo la ajabu. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache tu. Lakini iodini ilikosekana pande zote mbili kwa kiasi kile kile. Basi tofauti ilitoka wapi? Uchunguzi ulionyesha kidole kwenye mihogo, iliyoliwa zaidi kaskazini. Mhogo, hasa ule mchungu, una sumu ambayo mwili unaigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kushika iodini. Mwenye iodini ya kutosha haimsumbui sana. Asiye nayo anaumia mara mbili.

Tunaona somo la Idjwi lina mambo mawili kwa meza zetu. La kwanza, hatusemi muache mihogo wala sombe, nani angetusikiliza? Tunasema mhogo mchungu uloweke siku kadhaa mpaka ulainike, uanike vizuri juani, usiharakishe kwa sababu mvua inakuja au njaa inauma. Sombe itwangwe na ichemshwe sana bila kufunikwa. Mama zetu walijua haya. Ni vita na kuhamahama vilivyotufundisha kuruka hatua.

La pili, watu wa Idjwi waliishi katikati ya maji na walikula samaki, na bado walikosa iodini. Sisi wa Jinja tuliposikia hilo tulishtuka, maana tulidhani mukene na sato wa ziwani wanatutosha. Samaki wa bahari ndiye mwenye iodini nyingi. Wa ziwa anayo kidogo. Katika nchi za milima, mvua za miaka maelfu zimeosha iodini kutoka kwenye udongo, na kilichoota hapo hakina cha kutupa. Kwa hiyo tegemeo letu kubwa ni chumvi.

Katika miaka ya 1990 Uganda iliweka sheria kwamba chumvi ya kuliwa itiwe iodini, na upimaji wa afya wa kitaifa wa mwaka 2011 uliikuta karibu katika kila nyumba. Hiyo ni habari njema, na ni sababu mojawapo kwamba vijana wenu hawana shingo kama za babu zao. Lakini chumvi ya mawe ya Katwe inayouzwa kwa kopo sokoni, au ile inayonunuliwa kwa ajili ya ng'ombe, si lazima iwe nayo. Nunueni iliyofungwa, yenye maandishi ya iodini. Itieni kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na mvuke, na iwekwe chunguni chakula kinapokaribia kuiva. Si kwamba mle chumvi nyingi. Kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya dukani, ndio mwisho, kwa ajili ya presha.

Mama mjamzito na anayenyonyesha anahitaji iodini zaidi, kwa sababu analisha tezi mbili. Mtoto anayezaliwa na tezi isiyofanya kazi anaweza kuonekana mzima siku za kwanza. Halafu kilio chake kinakuwa cha chini na cha kukwaruza, ananyonya kwa uvivu, analala mno, choo kigumu, ulimi mkubwa, umanjano hauishi, kitovu kimetokeza. Akianza dawa katika majuma ya kwanza, anakua na akili zake. Akichelewa, kinachopotea kwenye ubongo hakirudi. Bibi akisema, "Kilio cha mtoto huyu si cha kawaida," msimpuuze. Mpelekeni.

Wala msikimbilie kununua dawa ya maji ya iodini na kuinywa. Mtu mwenye rovu la miaka mingi akipewa iodini nyingi ghafla, tezi inaweza kuwaka na kumletea ugonjwa wa kuzidisha kazi, na moyo wa mzee hauwezi mbio hizo.

Rovu, upasuaji na mshipa wa sauti

Si kila rovu linaharibu sauti. Wako watu wenye rovu kubwa wanaoimba besi bila shida. Lakini nyuma ya tezi, pande zote mbili, inapita mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti, na njia yake inashangaza: inashuka kutoka kichwani hadi chini ya kikoromeo, inaingia kifuani upande wa kushoto na kuzunguka mshipa mkuu wa damu karibu na moyo, halafu inapanda tena shingoni. Galeni, daktari wa Roma katika karne ya 2, aliikata kwa nguruwe aliyekuwa akipiga kelele mbele ya watu. Nguruwe aliendelea kupigana lakini sauti ikanyamaza.

Kwa hiyo rovu linalokua haraka pamoja na sauti kukauka ni jambo la haraka, kwa sababu linaweza kuwa saratani inayoushika mshipa huo. Na anayefanyiwa upasuaji wa tezi anayo haki ya kumwuliza daktari mpasuaji, kwa adabu, "Sauti yangu itakuwaje?" na kuomba nyuzi zake ziangaliwe kabla na baada.

Waimbaji wa Ulaya na Marekani husimuliana habari ya Amelita Galli-Curci, soprano Mwitaliano aliyekuwa na rovu kwa miaka mingi. Mwaka 1935 alipasuliwa huko Chicago. Mwaka 1936 alijaribu kurudi jukwaani, lakini haikufaa. Kwa muda mrefu watu walisema daktari alimkata mshipa mdogo unaonyosha nyuzi kwa noti za juu. Mwaka 2001 madaktari wawili walichapisha uchunguzi wao wa habari hiyo, wakaona ushahidi ni mdogo, na kwamba sauti yake huenda ilikuwa imeanza kuchoka kabla ya kisu. Sisi tunaipenda habari hii kwa sababu inatuonya pande zote mbili: mshipa ule ni wa kweli na unalindwa kwa uangalifu, lakini pia watu wako tayari sana kumtafuta wa kulaumiwa. Msiogope upasuaji unaohitajika mkakaa na rovu linalobana pumzi.

Tufanye nini

Sauti iliyokauka kwa zaidi ya majuma matatu, bila kujali umri, iende kuangaliwa. Anzeni kituo cha afya cha kambini na muombe barua ya rufaa. Kwa sisi wa huku, Jinja na Mbale zote mbili zina hospitali ya rufaa ya mkoa. Sababu si thiroidi peke yake. Kifua kikuu kinaweza kuingia kikoromeoni, vinundu vinaota kwa kupiga kelele sana, na kiungulia kinaunguza. Ndiyo maana mganga anapaswa kuangalia koo kwa kioo au kwa kamera, si kukisia. Mkienda, msiseme "koo" tu. Semeni pia habari ya baridi, choo, uzito, nywele, hedhi na moyo, kwa sababu hizo ndizo zinazomwelekeza kwenye kipimo cha damu.

Mkiwa nyumbani, shikeni kioo, inueni kidevu, mmeze maji. Uvimbe wa tezi hupanda na kushuka pamoja na kumeza. Mkiuona, si wakati wa kuogopa wala wa kuchanjwa shingoni kwa wembe. Ni wakati wa kwenda kupimwa. Pumzi ikibana au kumeza kukishindikana, msingoje Jumatatu.

Anayepewa vidonge vya homoni ya thiroidi avimeze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa au saa moja kabla ya chai na chakula. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo akina mama wengi hupewa kliniki, vinakaa mbali kwa saa nne, kwa sababu vikikutana tumboni vya thiroidi havifanyi kazi. Damu inapimwa tena baada ya majuma 6 hadi 8 ili kipimo kirekebishwe. Akipata mimba aseme mapema, maana atahitaji zaidi. Kwa wengi ni dawa ya maisha yote. Tunajua wanaoacha pindi wanapojisikia nafuu au baada ya kuombewa. Sisi tunaombea wagonjwa na tutaendelea kuombea, lakini hakuna aliyetupa ruhusa ya kumwambia mtu atupe vidonge.

Mama yetu alianza dawa, na majuma ya kwanza hakuona kitu. Katika mwezi wa pili sweta ilivuliwa. Mwezi wa nne mumewe alituambia kwamba amemsikia akiimba jikoni. Ndipo tulipokwenda nyumbani kwake, wanne, tukakaa kwenye mkeka, na mkubwa wetu akasema tuliyopaswa kusema mwaka mmoja kabla. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza kwa nini hatukuja wakati ule, na hatukuwa na jibu, tukanyamaza. Akatupa chai.

Noti mbili za juu kabisa hazikurudi. Sasa anaimba alto, na ndiye anayewafundisha mabinti kushika pumzi. Kidonge chake anakimeza saa kumi na mbili asubuhi, na yule mtoto wa nne, ambaye sasa ana miaka mitano, ndiye anayemletea kikombe cha maji.